Dau la Hawking: deni lililolipwa kabla ya hesabu kufungwa

Tarehe 21 Julai 2004, jijini Dublin, Stephen Hawking alikiri mbele ya ukumbi uliojaa wanafizikia na waandishi wa habari kwamba ameshindwa dau: alikuwa ameshikilia kwamba taarifa iliyomezwa na shimo jeusi, ambalo mvutano wake hauachi hata mwanga utoroke, hupotea milele. Malipo hayakuwa ya fedha. Alitoa kitabu kinene, kamusi elezo ya mchezo wa besiboli, ambacho alihangaika kukipata hadi kikaletwa kwa ndege. Awali alijaribu kumshawishi mshindi wake akubali kamusi elezo ya kriketi. John Preskill, profesa wa Caltech na Mmarekani kindakindaki, alikataa katakata. (Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam huenda angempa Hawking ushindi katika hoja hiyo ndogo.)

Kisa hiki husimuliwa kama habari ya mtu mkubwa aliyekosea kwa miaka karibu 30, akajirekebisha kiungwana, mambo yakaisha. Mimi nakisoma tofauti. Hawking alilipa deni kabla hesabu haijafungwa. Hoja aliyoitoa siku ile haikumridhisha hata aliyelipwa, na hesabu iliyokuja kufungua njia ilipatikana miaka 15 baadaye, yeye akiwa ameshafariki. Tena hesabu hiyo nayo imefunga nusu tu ya daftari.

Hati yenyewe

Hati ya dau iliandikwa Pasadena, California, tarehe 6 Februari 1997. Upande mmoja walisaini Hawking na mwanafizikia mwenzake Kip Thorne, upande wa pili Preskill peke yake. Watatu hawa walikwisha kuzoeana kwa michezo hii: siku moja kabla, Hawking alikuwa amekubali kushindwa dau jingine mbele ya hao hao wawili. Lilihusu kama maumbile yanaruhusu kitovu cha mporomoko wa nyota kionekane uchi, bila upeo, yaani mpaka ambao kilichouvuka hakirudi, wa kukisitiri, na adhabu yake ilikuwa nguo ya kumsitiri mshindi.

Pamoja na mzaha huo, maneno ya hati mpya yalipimwa kwa uangalifu. Hawking na Thorne walishikilia kwamba taarifa iliyomezwa na shimo jeusi imefichwa milele kwa walio nje, na haitatoka hata shimo likivukizwa na kutoweka kabisa. Preskill alishikilia kwamba utaratibu wa kuitoa taarifa hiyo lazima uwepo, na utapatikana katika nadharia sahihi ya mvutano wa kwanta. Kwa lugha ya kitaalamu alisema hivi: hali safi ya kwanta, yaani inayojulikana kikamilifu, ikiporomoka kuwa shimo jeusi, hali ya mwisho, baada ya shimo kuisha, itakuwa safi pia, daima. Aliyeshindwa angempa mshindi kamusi elezo anayoitaka, ambayo taarifa zake zinaweza kuchotwa wakati wowote.

Tazama neno "utapatikana". Preskill hakudai tu kwamba taarifa inatoka. Alidai pia kwamba njia ya kutokea itajulikana. Hayo ni madai mawili yaliyotiwa katika gunia moja, na gunia hilo ndilo lililomponza kila aliyejaribu kutoa hukumu baadaye.

Kosa lilikuwa wapi?

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Jacob Bekenstein, akiwa mwanafunzi wa uzamivu Princeton chini ya John Wheeler, alipendekeza kwamba shimo jeusi lina entropia, yaani kipimo cha wingi wa mipangilio ya ndani ambayo aliye nje haioni, na kwamba entropia hiyo inaendana na eneo la upeo wa shimo, si ujazo wake. Hawking aliliona jambo hilo kuwa la kipuuzi. Chenye entropia lazima kiwe na jotoridi, chenye jotoridi lazima kitoe mnururisho, na shimo jeusi halitoi kitu. Alipokaa kupiga hesabu za kwanta karibu na upeo, akapata kinyume cha alichotaka. Mwaka 1974 alitangaza kwamba shimo jeusi linatoa mnururisho, na kwamba Bekenstein alikuwa sahihi.

Joto lenyewe ni dogo mno. Shimo lenye tungamo la Jua, ambalo nusukipenyo chake ni kama kilomita 3, lina jotoridi la takriban 0.00000006 kelvini. Anga yote imejaa masalio ya joto la mwanzo wa ulimwengu, yenye kelvini 2.7, kwa hiyo shimo la namna hiyo leo linapokea kuliko linavyotoa. Linanenepa. Hata anga ikija kupoa, litahitaji miaka kama 10 kwa kipeo cha 67 kuisha, ilhali umri wa ulimwengu ni miaka bilioni 13.8 tu. Hakuna darubini itakayoiamua kesi hii. Ushahidi wote ni wa kalamu na karatasi, na labda ndiyo maana maprofesa wazima wakaishia kuwekeana dau la vitabu.

Matatizo yalianza mwaka 1976, Hawking alipouliza kinachobaki shimo likishaisha. Chukua barua uichome kwenye jiko la mkaa. Majivu, moshi, mwanga na joto vikikusanywa vyote bila kupungua hata chembe, sheria za fizikia zinaruhusu kurudi nyuma hadi kwenye wino. Hakuna binadamu awezaye kuifanya kazi hiyo, lakini kilichoandikwa bado kipo, kimetawanyika tu. Fizikia ya kwanta haina mzaha hapa: mianzo miwili tofauti haiwezi kuishia katika mwisho mmoja.

Mnururisho wa Hawking ulivunja sharti hilo. Kwa hesabu yake, kinachotoka kinategemea tungamo la shimo, mzunguko wake na chaji yake, basi. Shimo lililotokana na mchele na shimo lililotokana na maktaba nzima, vipimo hivyo vitatu vikilingana, hutoa mnururisho ule ule. Mashimo yakiisha, unabaki na joto tupu mkononi, na joto hilo halikuambii kama lilikuwa pishi la mchele au rafu za vitabu.

Chini zaidi kuna suala la ufungamano. Picha inayopendwa ni ya chembe mbili zinazozaliwa kwenye upeo, moja ikatoka, nyingine ikatumbukia. Hawking mwenyewe alionya isichukuliwe neno kwa neno, nami nakubaliana naye, maana imewapotosha wengi. Lakini jambo moja ndani yake ni la kweli: kila kinachotoka kimefungamana na mwenzake aliyebaki ndani. Wawili wakitazamwa pamoja, hali yao inajulikana kikamilifu. Mmoja akitazamwa peke yake, ni kelele isiyo na maana. Shimo likiwapo hakuna ubaya, kwa kuwa mwenzake yuko ndani. Shimo likitoweka, kelele ya nje inabaki mjane. Hali iliyoanza safi imeishia kuwa mchanganyiko, na hakuna mahali popote penye nusu ya pili ya maelezo.

Waliopinga hawakuchelewa. Wanafizikia Leonard Susskind na Gerard 't Hooft walilichukulia tangazo hilo kama vita, kwani kukubali kwamba taarifa hupotea ni kung'oa nguzo ya fizikia ya kwanta yenyewe. Walakini, kupinga hitimisho ni rahisi kuliko kuonyesha mstari wa hesabu wenye kosa, na kwa miaka mingi hakuna aliyeweza kuuonyesha.

Mkunjo wa Page

Aliyeipa kesi hii umbo linalopimika ni Don Page, aliyewahi kufanya kazi na Hawking mwenyewe. Mwaka 1993 aliuliza swali la kihasibu: tukipima entropia ya ufungamano kati ya mnururisho uliokwisha kutoka na shimo lililobaki, itakwendaje tangu mwanzo hadi mwisho?

Kwa Hawking, inapanda tu. Kila chembe inayotoka inaongeza deni, na siku shimo linapoisha deni liko juu kabisa na mdaiwa hayupo. Page alionyesha kwamba ikiwa taarifa haipotei, mkunjo lazima upande, ufike kilele, kisha ushuke hadi sifuri. Sababu yake inaeleweka bila hesabu nzito: shimo haliwezi kuwa na ufungamano na nje kuliko nafasi liliyonayo ndani, na nafasi hiyo ni entropia ya Bekenstein, inayopungua kadiri upeo unavyosinyaa. Kilele kinafika shimo likiwa limepoteza takriban nusu ya entropia yake.

Hapo ndipo kesi ilipokuwa ngumu kweli. Hapo kabla mtu angeweza kujitetea kwamba jambo la ajabu hutokea sekunde ya mwisho, shimo likiwa dogo kuliko kiini cha atomu, ambako hakuna nadharia inayoaminika. Page alimfungia mlango huo. Shimo la kilomita 3, eneo la upeo wake likibaki nusu, bado lina nusukipenyo cha zaidi ya kilomita 2. Ni kitu kikubwa, kilichotulia, ambacho mvutano kwenye ukingo wake unaelezwa vizuri na Einstein. Ikiwa hesabu ya Hawking ina kosa, basi ina kosa mahali ambapo kila mtu angeapa kwamba ni sahihi.

Miezi 9 baada ya hati ya Pasadena kusainiwa, Juan Maldacena alitoa kazi iliyogeuza upepo. Alionyesha kwamba ulimwengu wa namna fulani, uliopinda kama sanduku lenye kuta, ukiwa na mvutano na mashimo meusi ndani yake, ni sawasawa na nadharia ya kawaida ya kwanta inayoishi ukutani bila mvutano wowote. Nadharia ya ukutani haipotezi taarifa, kwa hiyo na ya ndani haiwezi kupoteza. Kwa wengi kesi iliishia hapo. Ila ulimwengu wetu hauna umbo hilo la sanduku, na ukuta haukusema taarifa inatokaje shimoni. Ni kama kuambiwa na benki kwamba fedha zako zipo, bila kuonyeshwa taarifa ya akaunti.

Dublin

Basi Hawking alipoomba nafasi katika mkutano wa 17 wa kimataifa wa uhusianifu wa jumla na mvutano, ratiba ikiwa imekwisha kupangwa, watu walitarajia taarifa hiyo ya akaunti. Walichopata ni muhtasari.

Hoja yake ilitumia mbinu aliyoipenda maisha yote, ya kujumlisha historia zote zinazowezekana za anga-wakati. Baadhi ya historia hizo zina shimo jeusi, nyingine hazina. Mtazamaji aliye mbali sana, alisema, hawezi kamwe kuwa na hakika kama shimo lilitokea. Zile zenye shimo hufifia baada ya muda mrefu na kupoteza mchango wake katika jumla, na zinazobaki ni zile zisizo na shimo, ambazo hazipotezi kitu. Kwa hiyo taarifa inarudi, ingawa imevurugwa. Alilitupa pia wazo lake la zamani kwamba taarifa huenda hupenya kwenda katika ulimwengu mwingine mchanga, akawapa pole mashabiki wa hadithi za kubuni za sayansi.

Preskill alipokea kitabu, lakini hakuficha kwamba hotuba hakuielewa vya kutosha na kwamba anangoja maandishi kamili. Thorne, aliyekuwa upande wa Hawking katika dau, alikataa kusaini kushindwa. Maandishi yalipotoka mwaka 2005 yalikuwa mafupi, na hayakuonyesha kosa la 1976 liko mstari gani. Kwa maoni yangu Hawking alishawishiwa na Maldacena kama wengine wote, kisha akatafuta njia ya kufika huko kwa miguu yake mwenyewe. Hilo si dhambi. Lakini kulipa dau kwa kushawishika ni jambo moja, na kushindwa dau kwa uthibitisho ni jingine.

Ndoa mbili

Ushahidi kwamba kesi haikuwa imekwisha ulikuja mwaka 2012 kutoka Santa Barbara. Ahmed Almheiri, Donald Marolf, Joseph Polchinski na James Sully walilichukua sharti la Page wakalibana. (Almheiri ni raia wa Falme za Kiarabu, wasomaji wetu wa Ghuba walikumbuke jina hilo, maana linarudi.) Shimo likishapita kilele cha mkunjo, chembe mpya inayotoka lazima ifungamane na mnururisho wa zamani, la sivyo entropia haitashuka. Wakati huo huo lazima ifungamane na mwenzake wa ndani, la sivyo upeo hauwi mahali patulivu pa kupita kama Einstein anavyodai. Ufungamano kamili, katika fizikia ya kwanta, ni ndoa ya mke mmoja. Chembe haiwezi kufunga mbili.

Wakatoa chaguo la kutisha: labda ndoa ya ndani inavunjika, na kuvunjika kwake kunatoa nishati. Badala ya kupita upeo bila kuhisi chochote, anayetumbukia anakutana na ukuta wa moto. Miaka minane baada ya Hawking kulipa deni, wataalamu walikuwa wanagombana kama shimo jeusi lina ndani au halina. Hivyo ndivyo "kesi iliyokwisha" ilivyoonekana.

Hawking aliendelea kujaribu. Mwaka 2016, pamoja na Malcolm Perry na Andrew Strominger, alipendekeza kwamba upeo hubeba alama laini za vilivyoingia. Wazo ni zuri, lakini halikuonyesha kwamba alama hizo zinatosha kubeba taarifa yote. Alifariki tarehe 14 Machi 2018.

Visiwa

Mei 2019 zilitoka kazi mbili karibu kwa pamoja. Moja ilikuwa ya Geoffrey Penington. Nyingine ilikuwa ya Almheiri, Netta Engelhardt, Marolf na Henry Maxfield. Zote mbili zilipiga hesabu ya entropia ya mnururisho katika shimo linalovukizwa, na zote zilipata mkunjo wa Page: unapanda, unafika kilele, unashuka.

Siri ilikuwa katika kanuni ya kupima entropia pale mvutano unapohusika. Haitoshi kuhesabu ufungamano wa chembe tu. Unajumlisha pia eneo la uso fulani, kisha unatafuta uso unaoipa jumla hiyo thamani ndogo kabisa. Mwanzoni uso bora ni kutokuwa na uso wowote, na unapata jibu la Hawking. Baada ya kilele uso mwingine unashinda, uliojificha ndani kidogo ya upeo, na kila kilicho ndani yake kinahesabiwa kuwa sehemu ya mnururisho ulio nje. Sehemu hiyo ya ndani ilikuja kuitwa kisiwa. Hapo ndoa mbili zinageuka kuwa moja: mwenza wa ndani na mnururisho wa zamani si watu wawili tena, ni mtu yule yule aliyeandikwa mara mbili kwenye daftari.

Novemba mwaka huo huo makundi mawili yalionyesha kanuni hiyo inatoka wapi. Ili kupima entropia unachukua nakala kadhaa za shimo, na katika kujumlisha historia zote lazima uhesabu zile ambamo nakala zimeunganishwa kwa njia za mkato za anga-wakati. Hawking wa 1976 hakuzihesabu. Hapa kuna kejeli ya aina yake. Mbinu ni ya kwake, ile ile ya kujumlisha historia, na alikuwa nayo mkononi Dublin. Ila Dublin alisema historia zenye umbo la ajabu zinafifia na zile rahisi zinashinda. Hesabu ya 2019 inashinda kwa sababu maumbo ya ajabu ndiyo yanayotawala baada ya kilele. Njia za mkato hizi si zile alizozijadili yeye, sitaki kuchanganya mambo, lakini aliyekuwa ukumbini siku ile akiwa na kumbukumbu nzuri lazima alitabasamu.

Nani alishinda, basi?

Dai la kwanza la Preskill, kwamba taarifa inatoka, leo lina nguvu kubwa kuliko wakati wowote. Si la wote: Robert Wald na William Unruh wameendelea kutetea kwa hoja nzito kwamba kupotea kwa taarifa hakuvunji chochote tunachokiona. Wapo pia wanaokumbusha kwamba hesabu za visiwa zilianza katika ulimwengu-sanduku uliorahisishwa na kuunganishwa na bwawa la nje lisilo na mvutano, na kwamba kuzihamishia kwenye ulimwengu wetu si kazi ya kunakili tu.

Dai la pili, kwamba utaratibu utapatikana, halijatimia. Mkunjo ni namba moja kwa kila wakati. Unakuambia kiasi cha taarifa kilichotoka, haukusomei herufi. Hesabu ya 2019 inatoa entropia bila kutoa hali yenyewe ya mnururisho. Patrick Hayden na Preskill walikwisha kuonyesha mwaka 2007 kwamba shimo lililopita nusu ya safari hufanya kazi karibu kama kioo cha kujitazamia: kitu kidogo kikitupwa ndani, taarifa yake hurudi nje ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, kwa yule aliyekusanya mnururisho wote wa awali na anayejua shimo linavyouvuruga. Sharti hilo la mwisho ndilo lisilotimizwa na yeyote, kwa kuwa sheria ya uvurugaji wenyewe bado haijaandikwa.

Kwa hiyo katika hati ile yenye sahihi tatu, mwenye msimamo uliosimama vizuri zaidi siku ya Dublin alikuwa Thorne, ingawa inawezekana kabisa alikuwa upande uliokosea. Hakusema kwamba Hawking ameanguka. Alikataa kusaini kwa hesabu ambayo hajaiona.

Hawking aliwahi kutania baadaye kwamba pengine angempa Preskill majivu ya kamusi elezo badala ya kitabu, kwani taarifa zote zingekuwamo. Hesabu za visiwa zinasema wino wote umo majivuni. Majina ya wachezaji na alama zao, hakuna aliyewahi kuyasoma humo hata moja.